Kilo 88 kwenye chombo kidogo: je, uzito ndio unaoniangusha?

"Mwalimu, shikamoo. Nina miaka 27, naishi Tanga mjini, na huu ni msimu wangu wa tatu naendesha Laser, kile chombo kidogo cha tanga cha mtu mmoja. Uzito wangu ni kilo 88. Mwezi Januari tulikuwa na mbio tano hapa ghubani, zote zikianza saa nne asubuhi, na zote nimeshindwa na kijana wa kilo 63 ambaye kwa kweli simwoni kama ni fundi kunizidi. Anatumia tanga kubwa kama langu. Julai mwaka jana nilimshinda mara mbili, lakini siku hizo bahari ilikuwa imechafuka, kwa hiyo sizihesabu. Rafiki zangu wananiambia nipunguze kilo 15 kabla ya mbio za Machi, na zimebaki wiki tano. Nimeanza kukimbia mchana nikiwa na koti la mvua, na maji ya kunywa nimeyapunguza. Mjomba wangu, nahodha wa ngalawa, ananicheka. Anasema chombo kinataka watu wazito, na yeye upepo ukizidi huongeza viroba vya mchanga. Nani mkweli?"

Marahaba, kijana wangu. Kabla sijagusa mambo ya bahari: lile koti la mvua livue leo, na maji unywe kama kawaida. Sababu nitakueleza huko mbele, ila sitaki usome mpaka mwisho ukiwa na kiu.

Sasa swali lako. Rafiki zako ni wakweli na mjomba ni mkweli, ila kila mmoja anasemea upepo wake. Na jibu umeliandika mwenyewe, pale uliposema mbio za Julai huzihesabu. Mimi ndizo nilizozihesabu kwanza. Januari ni kaskazi, na saa nne asubuhi ndani ya ghuba yetu umande, yaani upepo wa nchi kavu, umeshakufa na upepo wa bahari haujaamka sawasawa. Maji yanang'aa kama sinia. Julai ni kusi, upepo wenye mwili, na ukishapita Ras Kazone unakuta mawimbi yenye migongo. Mashindano yenu ni yale yale, nyinyi ni wale wale, vyombo ni vile vile. Kilichobadilika ni upepo tu, na mshindi akabadilika nao.

Uzito chomboni una kazi mbili na kazi hizo zinavutana. Ya kwanza ni kuzamisha. Kila kilo unayoongeza, chombo lazima kisukume kilo moja ya maji ili kikubebe. Wewe na mpinzani wako mnapishana kilo 25, maana yake chombo chako kinasukuma karibu lita 25 za maji kuliko chake. Ndoo kubwa ya maji na kidumu cha lita tano juu yake. Hapo ndipo watu wanaposhtuka na kukimbilia kufunga kula. Lakini hebu tuipime ndoo hiyo. Laser ina urefu wa mita 4.23 na upana wa mita 1.37, na sehemu inayolala juu ya maji, kwa makadirio yangu, ni kama mita 3 za mraba. Lita 25 zikitandazwa hapo hazifiki hata sentimita moja. Ni milimita 8 hivi. Hicho ndicho kina unachozama kumzidi yule kijana.

Milimita 8 si kitu? Ni kitu, kwenye upepo mdogo. Chombo kikienda polepole, adui yake mkubwa ni msuguano wa maji kwenye ngozi iliyolowa. Kadiri ngozi inavyolowa zaidi ndivyo maji yanavyoishika. Tanga nalo halina nguvu ya ziada ya kulipa deni hilo. Kwa hiyo asubuhi ya Januari kijana mwepesi anaanza mbio akiwa na faida ya kweli, sikufichi. Ila faida hiyo ni ndogo kuliko unavyoidhani, na nina wasiwasi kuwa sehemu kubwa ya kushindwa kwako haitoki kwenye uzito. Inatoka mahali unapouweka.

Nikueleze ninachokiona kwa waendeshaji wazito karibu wote wanaokuja kwangu. Upepo ukiwa mdogo wanajikalia nyuma, mgongo umelegea, mkono mmoja kwenye usukani, kama mtu aliyepumzika barazani. Tezi ya Laser, yaani sehemu yake ya nyuma, ni pana na bapa. Ukiikalia, inazama yote, na maji yanayopita chini yake hayaachani na chombo vizuri. Yanazunguka nyuma na kukivuta. Huna haja ya kuniamini. Siku ya upepo mdogo nyamaza usikilize nyuma yako. Ukisikia maji yanagugumia kama chupa inayojazwa, tezi imezama. Sogea mbele mpaka sauti ife. Kwa mwili wako utajikuta umebanana karibu kabisa na ule ubao wa katikati unaoshuka chini ya chombo, magoti yamekunjwa, hupendezi hata kidogo kwenye picha. Ndipo hapo.

Ukishasogea mbele, kilaze chombo kidogo upande wa demani, yaani mbali na upepo. Kidogo tu. Kinapolala, sehemu pana ya ubavu inatoka majini na ngozi iliyolowa inapungua, na tanga linaning'inia kwa uzito wake lenyewe na kushika umbo hata kama upepo ni pumzi tu. Na utulie! Kilo 88 zinaporuka kutoka upande hadi upande, mlingoti unachapa hewa na upepo wote uliokusanywa tangani unamwagika. Kijana wa kilo 63 anaweza kujigeuzageuza bila kuadhibiwa sana. Wewe huwezi. Tembea chomboni kama paka anayepita juu ya bati usiku.

Hivi vitu viwili, kukaa mbele na kutulia, havihitaji kupunguza hata gramu moja, na ningekuwa wewe ningevimaliza kabla ya kugusa sahani ya wali.

Sasa kazi ya pili ya uzito, ile anayoisema mjomba: kusimamisha. Upepo unasukuma tanga, tanga linataka kukilaza chombo, na kinachokizuia kisilale kwenye Laser ni wewe. Chini hakuna mkuku wa chuma wala farumi, ule uzito wa kutuliza chombo. Gamba lake peke yake ni kilo 59. Ukijumlisha mlingoti, tanga, usukani na ubao wa katikati kinakaribia kilo 80. Mwendeshaji ana uzito kuliko chombo! Chombo kikilala sana, tanga linamwaga upepo, na pua inataka kugeukia upepo ulipotoka, hivyo unauvuta usukani kwa nguvu kuizuia. Usukani uliokaa mshazari ni breki. Ndiyo maana wote tunaofundisha tunapiga kelele ile ile ufukweni: simamisha chombo, simamisha chombo.

Na nguvu ya upepo haiongezeki kwa hesabu ya sokoni. Upepo ukitoka kilomita 15 kwa saa kufika 30, umeongezeka mara mbili kwa mwendo, lakini msukumo wake kwenye tanga ni mara nne. Hapo yule kijana wa kilo 63 mwenye tanga la mita za mraba 7.06 anapata tabu kubwa. Analazimika kulegeza demani, yaani kamba ya tanga, kila dakika, na kila akilegeza anakwenda polepole na anasukumwa pembeni. Wewe unabaki umelikaza tanga na unakwenda zako. Katika mawimbi kuna ziada nyingine: chombo chenye uzito kikigongana na wimbi hakisimami mara moja kama chepesi. Ndicho kilichotokea Julai. Haikuwa bahati wala "bahari chafu", ulishinda kwa haki yako.

Lakini tahadhari, maana hapa ndipo wazito wengi wanapojidanganya. Kinachosimamisha chombo si uzito peke yake, ni uzito mara umbali kutoka katikati ya chombo. Chukua mfano. Wewe, kilo 88, umekaa tu ukingoni, na katikati ya mwili wako pako kama sentimita 70 kutoka mstari wa kati. Zidisha: 88 kwa 0.7 ni kama 62. Yule kijana, kilo 63, ameingiza miguu kwenye mkanda, amejinyoosha nje mpaka mgongo unachapwa na maji, katikati ya mwili wake pako mita 1.1. Zidisha: 63 kwa 1.1 ni 69. Kakushinda, na wewe una kilo 25 zaidi. Mapaja yenye nguvu yanaweza kufidia kilo nyingi sana, na mapaja hayajengwi na njaa.

Mjomba wako anajua habari hii kuliko mimi, ila anaisema kwa lugha ya ngalawa. Nenda Sahare au popote wanapoziegesha, umtazame baharia wake anapotambaa juu ya mrengu, ule mti unaotoka ubavuni, kwenda upande wa joshi, yaani unakotoka upepo, upepo unapopanda. Hajaongeza kilo hata moja. Amezipeleka mbali tu. Ukitaka kujua kama amekwenda mbali ya kutosha, tazama ndubi, kile kielea cha mwisho wa mrengu, ya upande wa pili. Ikiwa inalima maji na kurusha povu, inakivuta chombo, na baharia asogee tena. Ikiwa inapapasa maji tu, kaa hapo hapo. Mimi nilijifunza kusimamisha chombo kwa kutazama ndubi miaka mingi kabla sijaiona Laser, na mpaka leo sijaona somo la darasani lililo wazi kuliko lile.

Kuhusu viroba vya mchanga, sikubaliani naye, na unaweza kumsomea sehemu hii. Katika mbio za ngalawa wenyewe hupanga masharti yao, na kama wamekubaliana viroba ruksa, basi ruksa. Lakini mtu anasogea kwa sekunde mbili upepo unapogeuka, na kiroba hakisogei. Upepo ukidondoka ghafla, au ukigeuka, kile kiroba cha joshini kinakuwa cha demani na kinasaidia kukuzamisha. Chombo cha mbao kikijaa maji kwa kawaida bado kinaelea na watu wanakishikilia. Ukikipakia mchanga, hapo sina uhakika nacho. Kwenye Laser usifikirie kabisa. Kanuni za kimataifa za mashindano ya matanga zinakataza kuhamisha uzito usio mtu wakati wa mbio.

Zinakataza pia kuvaa kitu kwa nia ya kujiongezea uzito, na nguo na vifaa vya mashindano vina kikomo cha kilo 8 katika kanuni ya jumla. Watu wa zamani walikuwa wakivaa majaketi ya kubeba maji. Mimi mwenyewe, nikiwa kijana wa kilo 58 na kichwa kigumu, siku moja ya kusi nilivaa sweta tatu za sufu nikazilowesha kabla ya kuondoka ufukweni. Nilikwenda vizuri kama dakika ishirini. Nilipopinduka, nilijaribu kupanda chomboni mara nne na mara zote nne sweta zilinirudisha majini. Aliyenitoa ni mvuvi aliyekuwa akirudi na ngisi wake, na hakuacha kunicheka mpaka tulipofika pwani.

Sasa chaguzi zako, tuzipime kwa ukweli. Laser, ambayo siku hizi jina lake la mashindano ni ILCA, ina gamba moja na matanga matatu: la mita za mraba 4.7, la 5.76 na lile lenu la 7.06. Hayo matatu yapo kwa sababu ya uzito wa watu. Wanaume wanaofanya vizuri duniani kwa tanga kubwa wengi wao wako kilo 80 hadi 85 hivi. Kwa kilo 88 wewe umezidi kidogo, hujapotea njia. Aliye nje ya tanga lake ni mpinzani wako. Mtu wa kilo 63 mahali pake ni tanga la kati, lile wanalotumia wanawake katika Olimpiki tangu 2008. Kwa hiyo ushauri wa kushuka kilo 15 ungekufikisha 73, uzito ambao kwa tanga kubwa katika kusi letu ungekufanya uanze kulia Juni kwa sababu nyingine. Ungenunua Januari kwa kuiuza Julai.

Kama ungeniambia una kilo 105 ningesema maneno mengine. Kulikuwa na chombo cha Olimpiki kinachoitwa Finn, tangu 1952 mpaka michezo ya Tokyo, na hicho kilikuwa cha majitu. Mtu wa chini ya kilo 90 alikuwa anahangaika nacho. Kimeondolewa, na wanaume wakubwa hawajafurahi mpaka leo. Njia nyingine ni chombo cha watu wawili, ambapo kinachohesabiwa ni jumla yenu. Kwenye 470, kwa mfano, wawili kwa pamoja huwa kati ya kilo 110 na 145, kwa hiyo mzito anatafuta mwenzake mwepesi na maisha yanaendelea.

Kuna jambo jingine ambalo hukuliuliza. Kwa nini mbio zenu zote za Januari zianze saa nne asubuhi? Kamati inayoanzisha kila mbio kwenye upepo mdogo imeshachagua mshindi mwepesi bila kukusudia. Mkianza saa nane mchana, upepo wa bahari ukiwa umeshaingia, mtashindana ufundi. Hili lipelekeni kwenye kikao, na usilipeleke wewe uliyeshindwa mara tano. Atafutwe mtu mwingine wa kulisema.

Nirudi kwenye lile koti. Unapokimbia jua la mchana wa Tanga umejifunga nailoni, unachopoteza ni maji. Lita moja ya jasho ni kilo moja kwenye mizani, na ukinywa lita moja kilo imerudi. Mafuta ya mwilini hayajaguswa. Halafu unakwenda baharini ukiwa mkavu, kwenye jua na chumvi, unajinyoosha nje kwa mapaja ambayo hayana maji, yanakaza, na akili inakuwa nzito wakati unatakiwa kusoma upepo. Mtu aliyeishiwa maji huchelewa kuona wimbi, na huchelewa pia kujua kuwa amechelewa. Kizunguzungu, moyo kwenda mbio ukiwa umekaa, mkojo wa rangi ya chai, kichwa kuuma kusikoisha: ukiwa na mojawapo siku ya mbio, chombo kibaki mchangani. Na ukizimia, au ukianza kuchanganyikiwa, hapo si suala la kupumzika kivulini na soda. Upelekwe hospitali siku ile ile.

Kama bado unataka kushuka, kilo nne au tano zinatosha na zitakufaa asubuhi za kaskazi bila kukunyang'anya kusi. Nusu kilo kwa wiki, au kilo moja ukijitahidi sana. Maana yake kwa Machi utakuwa umepungua kilo mbili na nusu, au tano ukijitahidi sana, basi. Punguza soda, maandazi na vitumbua vya saa nne, na chips mayai za usiku. Samaki, mboga na maharage usivipunguze. Kimbia alfajiri, na siku mbili kwa wiki ongeza kuchuchumaa na kushikilia miguu chini ya benchi ukiwa umejinyoosha, mpaka mapaja yatetemeke. Kabla ya kuanza, nenda ukapime presha na sukari, kituo chochote cha afya kilicho karibu nawe, au hospitali ya Bombo. Hasa kama nyumbani kwenu kuna mwenye kisukari au presha, au kama kilo hizo zimeongezeka haraka bila sababu unayoijua. Hilo daktari alione kwa macho yake, mimi siwezi kulipima kwa barua.

Na lipo moja ambalo hata mimi sitaki kulihukumu kwa barua: mkao wako. Muombe mtu akurekodi kwa simu akiwa kwenye mtumbwi nyuma yako, asubuhi moja ya upepo mdogo na jioni moja ya upepo mkali, dakika tano kila moja. Mwambie asihangaike na uso wako. Ailenge tezi, maji yanapoachana nayo, na kiuno chako kiko wapi kuhusiana na ukingo. Ukija ufukweni kwa mazoezi njoo nayo tuitazame pamoja. Mjomba naye aje, kama atakubali kuacha viroba nyumbani.